Mafuta ya Karafuu kwa Sheha

Baba Nasra,

Nimekaa na kalamu tangu adhuhuri na sijui nianze na salamu gani. Kukuuliza hujambo ni upuuzi, na kukuambia mimi sijambo ni uongo. Basi naanza na habari, maana ndivyo ulivyokuwa ukiingia mlangoni: hujavua viatu, hujanitazama usoni, ushauliza, "Wazima?" Miaka yote nilijua huniulizi mimi wala binti yetu. Ulikuwa unauliza samaki.

Si wazima. Wamekwisha. Sheha amekufa jana, na mimi ndiye niliyemuua, kwa mafuta yako ya karafuu, kwa mkono huu ninaoandikia. Nataka nikueleze ilivyokuwa, kwa sababu sina mtu mwingine wa kumweleza. Nikisema nimemlilia samaki, watu watanisomea.

Unajua ulivyoondoka wewe. Hujui nilivyobaki mimi. Ulifia wodi ya wanaume, asubuhi, kabla ya saa za kuangalia wagonjwa, na mimi nipo nje ya geti na chupa ya uji. Uji wa mtama usio na chumvi, kama walivyotuagiza. Tulikuwa wake wa wagonjwa tumesimama pamoja, tunasogezana kwenye kivuli, mpwa wako Haji akatoka. Hakunitazama mimi, alitazama ile chupa. Akanipokea chupa yenyewe kwanza, akaishika kwa mikono miwili, na mimi nikajua.

Wakakuleta nyumbani Kiponda, wakakuosha, wakakuvika sanda, na jeneza likatoka mlangoni kabla ya alasiri. Sauti za wanaume zikapinda kona ya msikiti, zikapotea. Sisi wanawake tukabaki na mikeka. Ndiyo desturi yetu na sina ugomvi nayo. Lakini mtu niliyeishi naye tangu usichana wangu sikumshika mkono akikata roho, wala sikumtia hata konzi ya mchanga. Hilo limenikaa kooni mpaka leo. Sijalimeza na sijalitema.

Nikaingia eda. Dada yako Mwanaisha akaja kutoka Mkokotoni na godoro lake na kapu la samaki wakavu kukaa na mimi. Unamjua wifi yangu. Siku ya pili tu alisimama mbele ya tangi, mikono kiunoni, akasema yale yale aliyokuwa akikwambia kila sikukuu: "Mtumbatu mzima anatibu samaki. Wenzake wanamtia tui, yeye anamtia dawa." Akacheka, halafu kicheko kikamgeukia, akakaa chini pale pale sakafuni akalia mpaka ushungi ukarowa. Nikakaa naye. Mbele yetu Sheha alikuwa amejisimamisha kwenye kioo na tumbo lake, anatukagua.

Bado nacheka nikikumbuka ulivyompa jina. Ulimleta hana ukubwa wa kidole gumba, wa rangi ya dhahabu, na tangu siku hiyo hakuna aliyepita ukumbini asikimbiliwe naye kuona kabeba nini. Ukasema huyu lazima ajue nani kaingia mtaani na nani katoka, huyu ni sheha. Akanenepa, akazeeka, akapauka ubavuni. Wenzake wakafa wakaletwa wengine, gapi wa mikia ya rangi, wale wa mistari, kambale wa kulamba kioo, na yeye yupo. Wewe mwenyewe ulisema amekaa na sisi zaidi ya baadhi ya wapangaji.

Siku chache baada ya hitma walianza kuumwa.

Niliamka Ijumaa asubuhi nikawakuta wote juu ya maji, midomo nje, wanameza hewa, mashavu yanakwenda mbio. Hakuna aliyeshuka nilipotia chakula. Kitu cha kwanza nilichofanya ni kufungua kabati lako la dawa, lile lenye chupa ya buluu na ile ya zambarau na chumvi ya mawe, na mkono ulikuwa umeshafika. Halafu nikakusikia. Si mambo ya mizimu, usinicheke. Nilikusikia kama mtu anavyosikia maneno aliyoyasikia kila siku ya ndoa yake: "Dawa ya mwisho. Kwanza macho."

Nikachukua kigoda chako na tochi yako, nikakaa kitako kama ulivyokuwa ukikaa. Nimekuona mara ngapi? Mtu anakuja na samaki kwenye chupa ya mayonezi, kwenye mfuko wa plastiki, yule bibi wa Vuga alikuja na wake ndani ya birika la chai, anashusha maji kwa mdomo wa birika. Anataka dawa aende zake. Wewe unamkalisha, unamwagizia kahawa, na unamtazama samaki mpaka mwenyewe anachoka. Ana vidoa vyeupe kama chembe za chumvi? Maji yapashwe kidogo kidogo, na chumvi. Ana ukungu mweupe wa pamba? Chupa ya buluu, tena peke yake, kwenye beseni. Anajisugua kwenye mawe? Ana kitu kinamwasha, hakionekani kwa jicho. Mapezi yanaliwa? Mwulize mwenyewe mara ya mwisho kubadilisha maji ni lini, na usikubali jibu la kwanza. Anaelea ubavu? Mnyime chakula, kisha mpe punje ya njegere iliyomenywa, amevimbiwa. Nilikuwa nachambua mchele pale pembeni nikidhani sisikilizi.

Nikawamulika mmoja mmoja. Hakuna kidoa, hakuna pamba, mapezi mazima. Ila mashavu ndani mekundu, na wote, mkubwa na mdogo, hali moja. Na hapo pia ulikuwa umeshaniambia: akiumwa mmoja mtazame samaki, wakiumwa wote tazama maji. Basi nikatoa maji kiasi, nikatia yale yaliyolala kwenye ndoo uani. Jioni wakashuka. Siku zilizofuata wakala, wakafukuzana, Sheha akarudi kwenye ukaguzi wake. Nikajiona na mimi fundi.

Ijumaa iliyofuata gapi wawili walikuwa chini kwenye mchanga, wamefumbua midomo, na waliobaki wako juu wanameza hewa.

Habari ikatoka nje. Wanawake waliokuja kunitazama wakasimama mbele ya tangi wakatikisa vichwa: "Wanamfuata mwenyewe." Wakalipenda neno hilo. Kila anayeingia analisema kwa sauti ya chini na kujipangusa macho, na anatazamia na mimi nijipanguse. Mimi nilikasirika. Samaki hana habari ya matanga. Samaki ana maji, basi, na maji yakiwa mabaya anakufa, awe wa maiti awe wa aliye hai. Nilikasirika pia kwa sababu wewe ungelikasirika, na hukuwepo, kwa hiyo ilibidi nizichukue hasira zako nijumlishe na zangu. Nasra akapiga simu kutoka Maskati akasema, "Mama, wagawe, utajitia maradhi bure." Nikamwambia nitawagawa nikishajua kinachowaua. Samaki mgonjwa humpi mtu.

Mara ya tatu ndiyo nilijua, na sikujua kwa macho. Nilitia mkono kwenye tangi kumtoa mmoja wa wale wa mistari, ameshakakamaa. Halafu nikaenda kutia udhu. Nilipopeleka mkono usoni nikanusa ubani.

Nipo edani, Baba Nasra. Sijatia udi nguoni, sijapaka mafuta mazuri, sijafukiza hata kanga. Sina harufu yoyote mimi, nimekuwa kama ukuta. Ubani ule haukutoka kwangu. Nikarudi ukumbini nikatia mkono tena, nikanusa tena, nikakaa kwenye kigoda na mkono unachuruzika.

Kila Alhamisi magharibi ikiadhiniwa, Mwanaisha alikuwa akitia makaa kwenye chetezo akufukizie. Ubani mwingi, mzuri, aliokuja nao mwenyewe kutoka kwao. Na chetezo akikiweka kwenye rafu ya ukumbini, pale pale ulipokuwa ukikaa, kwa sababu anasema roho yako itakuja pale. Na pale pale, nyuma ya chetezo, umeweka ile pampu ya hewa. Pampu inavuta hewa iliyo mbele yake inaipuliza ndani ya maji. Haijui hewa na moshi. Kila Alhamisi usiku ilikuwa ikiwafukiza samaki mpaka ubani unakwisha. Juu ya maji palikuwa na utando mwembamba wa mafuta, nilikuwa nauona na sijui ninachokiona, na nilipofungua sifongo la chujio lilikuwa jeusi.

Kujua ilikuwa rahisi. Kumwambia, sasa. Utamwambiaje mtu ubani anaomfukizia ndugu yake wa tumbo moja unaua? Nilizunguka na neno hilo siku nzima. Nilifikiri kukihamisha chetezo kimya kimya, nikaona atadhani nakukata kwenye dua zake. Mwisho nilimwambia tukiwa tunapeta mchele, bila kupamba. Aliweka ungo chini, akaenda akatia mkono kwenye tangi na mkono wote wa gauni, akanusa. Akanusa mara nyingi.

"Kwa hivyo mimi ndiye nliyewaua," akasema.

"Hukujua."

"Samaki wa Salum. Nimemsomea Salum huku nawaua samaki wake."

Nilidhani atafunga godoro arudi Mkokotoni. Badala yake alikwenda uani na chetezo, akakipigilia ukutani rafu ya ubao kwa msumari na jiwe, kelele mtaa mzima, akakiweka huko. Tangu siku hiyo ubani wako unafukizwa uani, na yeye ndiye anayejaza ndoo za maji na kuzifunika ungo ili vumbi lisiingie. Alfajiri anaamka kabla yangu kuwamulika. Nilimsikia siku moja anamgombeza Sheha kwa Kitumbatu kwamba hali. Watu wenu hawajui kupenda kitu bila kukigombeza, na wewe ulikuwa hivyo hivyo.

Lakini tulichelewa. Moshi ulikuwa umeshafanya kazi yake. Waliobaki waliondoka mmoja mmoja, kambale akafa amebandika mdomo kwenye kioo, na mwisho akabaki Sheha peke yake kwenye tangi lote lile. Nikasema basi, huyu. Huyu mmoja nitamvusha. Nikitoka edani atakuwepo, na nitajua nimekuokolea kitu. Nilimshika Sheha huyo kwa moyo wote, nakuambia kweli. Nilipokuwa nasali nilikuwa nasikiliza pampu.

Akaanza kuvimba.

Mara ya kwanza nilijidanganya kwamba ameshiba. Tumbo likazidi, macho yakatokeza, na asubuhi moja nikamtazama kutoka juu, kama ulivyonifundisha, nikaona magamba yamesimama mwili mzima kama maganda ya nanasi. Nikazima tochi. Nilikuwa nimeshaiona hali ile. Ulinionyesha miaka ile kwa yule samaki wako mweusi, ukaniambia, "Figo zimekufa. Maji yanaingia, hayana pa kutokea." Na siku hiyo ulikuwa umekaa kwenye kigoda umekunja suruali, na baada ya muda ukabonyeza muundi wako kwa kidole gumba. Pakabaki shimo. Ukalitazama shimo hilo likijaa pole pole, ukateremsha suruali. Nikakuuliza vipi, ukasema umechoka.

Nakasirika nikiandika hapa, na sitaificha. Samaki wa watu, wa mpaka Bububu, unawamulika mmoja mmoja. Hukubali mtu aondoke na samaki ambaye hujajua ana nini. Mguu wako mwenyewe unauona, unaujua, unauita uchovu. Ulijua kabla ya daktari, ulijua kabla yangu, ukakaa na siri hiyo kwenye kigoda mbele ya tangi, na ulipokuja kusema, viatu vilikuwa haviingii. Uliogopa. Nimefikiri sana na jibu ninalolipata ni hilo tu, uliogopa, maana uliwajua wangapi hupona. Ningekuwa na wewe kwenye hofu hiyo, Salum. Nisingekuponya. Ningekaa tu.

Nilimtibu Sheha kama ulivyomtibu yule mweusi. Beseni peke yake, maji ya uvuguvugu, haluli ya duka la dawa ili maji ya mwilini yatoke. Mwanaisha alibadilisha maji asubuhi na jioni. Tumbo likapungua kidogo tukafurahi kama watoto, halafu likarudi kubwa zaidi. Akaacha kusimama. Akalala ubavu chini ya beseni, jicho moja juu, na kila nikija juu ya beseni anajaribu kujigeuza anione nimebeba nini. Mpaka siku ile bado anakagua. Hilo ndilo lililonishinda.

Chupa ya mafuta ya karafuu ilikuwa kabatini, ile ile tunayopakia meno. Ulikuwa ukiitoa mara chache, na siku unayoitoa huongei. Nakumbuka mara moja tu ulinieleza. Ulisema haifai kumtupa akiwa hai, wala kumwacha apigane wiki nzima ili wewe usijione mkatili. Na ulisema, ukishaanza usiondoke, kaa mpaka mashavu yasimame, na yakisimama kaa bado. Nakumbuka pia maneno yako ya wodini, miguu imekuwa kama magogo, umenishika kidole: "Samaki ana bahati." Nikakuambia ustaghfiru. Ukastaghfiru, na ukacheka kidogo, na kile ndicho kicheko chako cha mwisho nilichokisikia.

Jana baada ya alasiri nilichota maji yake kwenye bakuli la kioo. Nikatia matone ya karafuu kwenye kichupa chenye maji ya uvuguvugu, nikatikisa mpaka yakawa meupe, nikamimina kidogo kidogo pembeni yake. Nyumba nzima ikanuka karafuu. Mwanaisha alikuja akakaa upande wa pili wa bakuli. Sheha akatikisika kidogo, akatulia. Akalala. Nikaongeza. Nikatia mkono majini nikamweka kiganjani, hajanikimbia. Mashavu yakafunguka, yakafunga, yakakaa sana kabla ya kufunguka tena.

Nikamwambia yote, Salum. Yale niliyokuwa nimeyapanga nikuambie asubuhi ile nikikunywesha uji. Kwamba sikuchoka. Kwamba miguu yako haikunitisha. Kwamba nimekusamehe viatu ukumbini na madumu ya maji kwenye ngazi na miaka yote ya kuulizwa hali ya samaki kwanza. Mwanaisha alisikia, na sijali. Mashavu yakasimama, nikakaa. Maji yakapoa, nikakaa bado. Ilipoadhiniwa magharibi ndipo nilipotoa mkono.

Nimemzika mimi mwenyewe. Uani, kwenye chungu kile kikubwa cha mrehani. Nilichimba kwa mwiko wa pilau, nikamlaza ndani ya jani la mgomba, nikamfukia kwa mkono. Niliposhika ule udongo nikakumbuka jeneza linavyopinda kona, nikaushika muda mrefu kabla ya kuumimina. Mwanaisha akanyunyiza maji juu. Alhamisi ijayo, alisema, ubani utakuwa wenu wote wawili.

Pampu nimeizima. Nyumba haijawahi kuwa kimya hivi.

Leo asubuhi mtu amepiga hodi na samaki kwenye mfuko, mama mmoja wa Mtoni, hakuwa na habari ya kifo chako. Amesimama nje ya mlango mimi nipo ndani, ameuliza kama mzee yupo. Nilitaka kumwambia hayupo, aende. Nikamuuliza, anaumwa mmoja au wote? Akasema mmoja. Nikamwambia amsogeze kwenye mwanga.

Keshokutwa eda inakwisha. Nitaoga, nitatoka, Haji amesema atanipeleka Mwanakwerekwe anionyeshe ulipo, maana mimi mkeo mpaka leo sipajui. Sitakuja mikono mitupu. Mrehani wa chungu kile umeanza kutoa majani mapya, na asubuhi ya kutoka nitauchuma wenyewe nikuletee, nikuwekee kichwani. Ukisikia harufu yake uniache nikae. Sitakuwa na haraka, na hakuna geti.

Lala, Baba Nasra.

Mkeo,
Zuwena